Bei ya Pumzi Moja

Zahoro aliuza mitumba kwa pumzi, na hapo sijatia chumvi. Alipanda juu ya belo lililokwisha kukatwa kamba, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika, kisha akaachia: "Blauzi elfu mbili elfu mbili mama chagua dada vuta hiyo ya bluu haina doa elfu mbili shangazi usimkanyage mwenzio elfu mbili!" Hapo hakuna nukta wala mkato. Bei hiyo ilidumu kwa urefu wa pumzi hiyo. Akivuta nyingine tu, blauzi ni elfu nne, na hata ulie machozi ya damu hashuki. Ndiyo ilikuwa sheria ya meza yake katika kichochoro chetu cha Kariakoo kinachotokea Mtaa wa Msimbazi, na wateja waliikubali kama wanavyolikubali jua.

Wateja nao walikuwa na kiitikio chao. Wenzake wakipekua, mmoja alimkazia Zahoro macho kifuani na kuwatia moyo: "Hajavuta! Hajavuta bado!" Mgeni akipita hapo lazima ashtuke, maana hapa mjini mtu akifa watu hawasemi amefariki, wanasema kavuta. Mzee mmoja kutoka Kilwa aliwahi kusimama pale, akainua mikono na kuanza kuomba dua, kisha akauliza msiba ni wa nani. Zahoro alimuuzia koti.

Mimi naitwa Leticia, fundi cherehani. Nakaa hatua tatu kutoka kwenye meza ile. Mtu akishapata blauzi yake ya elfu mbili inayotosha watu wawili, ananiletea niipunguze. Kwa miaka kumi na minne nimesikiliza makelele ya Zahoro kuliko nilivyomsikiliza marehemu mume wangu, ambaye hata hivyo hakuwa na mengi ya maana ya kusema. Halafu Zahoro ni mtani wangu. Mimi Mhehe wa Iringa, yeye Mngoni wa Namtumbo. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia utani. Kwa hiyo kila asubuhi alinisalimia kwa kuniuliza jana kwetu kaliwa mbwa wa nani, na mimi nilimwahidi kwamba siku atakayokufa nitalala kaburini mwake, nisitoke mpaka nipewe mbuzi. Watu wasio na watani hudhani tunachukiana.

Ugonjwa wake haukugunduliwa na daktari. Uligunduliwa na Mama Amira.

Mama Amira ananunua kwetu anakwenda kuuza Mbagala, na ni mwanamke asiyekubali kupunjwa hata sekunde. Siku moja alisimama mbele ya meza, mkono kiunoni.

"Zahoro, mbona bei yako siku hizi fupi?"

"Fupi vipi?"

"Mwaka jana kwa pumzi moja nilikuwa nachagua blauzi sita. Leo nimeambulia mbili na soksi moja ya kushoto. Unatuibia."

"Wewe ndiyo umezeeka mikono!"

Mama Amira akatoa simu, akabonyeza saa ya kuhesabia. "Haya, nadi."

Zahoro akanadi. Sekunde kumi na tisa, kikohozi kikamkata katikati ya shangazi. Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kikohozi kile tulikuwa tumekizoea, tukakiita vumbi la Ulaya, maana belo likifunguliwa hutoa vumbi la nchi ambazo hatutafika. Sigara aliacha mwaka aliooa, maana yake alihamia kuvutia nyuma ya kibanda cha muuza mihogo.

Kuitwa mwizi kulimuuma kuliko kikohozi chenyewe. Alikwenda hospitali akiwa na lengo moja tu: apewe karatasi yenye muhuri inayosema pumzi ya Zahoro ni kamili, aje aibandike mezani. Karatasi alipewa, ila si hiyo. Kwanza walifikiri ni kifua kikuu, kipimo cha makohozi kikakataa. Wakampiga picha, wakamwingiza kwenye ile mashine ya duara inayozunguka, wakamchoma sindano ndefu na kutoa kinyama cha kupima. Saratani. Pafu la kulia, kipande cha chini.

Nilikwenda naye siku ya majibu, mimi na mkewe Siwema, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka tangu aje mjini kutoka Namtumbo. Daktari alikuwa Ansbert, kijana wa Bukoba, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Alituamkia shikamoo wote watatu kabla ya kufungua faili.

"Mzee, umewahi," alisema. "Wengi wanatufikia wakati hakuna tena cha kukata. Nani alikushauri uje?"

"Mwanamke mmoja anataka blauzi," alijibu Zahoro.

Daktari akaeleza kwamba pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili, na kwamba atatoa kile kimoja kibovu.

"Toa nusu yake," alisema Zahoro.

"Hapa bei moja, mzee wangu."

"Vitano nimekuja navyo, nirudi na vinne? Haya. Na pumzi?"

"Itapungua. Kwa kiasi gani, tutajua baadaye."

Tulitoka, tukatembea mpaka Mnazi Mmoja, na njia nzima hakunitukana hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mwingine akipunguziwa pumzi atapanda ngazi polepole, basi. Huyu pumzi ndiyo ilikuwa duka lake. Tulipofika kwenye uwanja alisimama, akaniambia: "Mtani, mimi kufa nitakufa tu. Lakini nisije nikabaki mzima halafu siwezi kunadi." Siwema akalia. Mimi nikamwambia Wangoni wana midomo mikubwa, hewa itaingia tu.

Wakampa kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu, avute hewa mpaka vimpira viinuke juu, ajiandae na upasuaji. Alikileta kichochoroni. Kwa wiki mbili kila aliyepita aliombwa ashindane naye, na wote waliaibishwa, hata mbeba mizigo mmoja wa soko la Shimoni mwenye kifua kama kabati. Vimpira vyote vitatu juu, vimekaa, na Zahoro anatutazama kwa jicho la pembeni. Mtu mwenye saratani!

Upasuaji ulikuwa Alhamisi, ukaenda vizuri. Ijumaa nilimkuta amekaa kitandani, mpira umetokea ubavuni unamwaga uchafu kwenye chupa chini, na yeye anamwambia Sista Candida, muuguzi wa wodi, kwamba hata mirija ya juisi ya miwa pale kona ni misafi kuliko huo. Nilifurahi. Kisha nikainua macho nikaangalia dripu.

Imefungwa. Chupa iko pale, imejaa, hata tone halishuki.

Hapa lazima niwaeleze, kama mnatoka mbali. Kwetu mgonjwa asiye na dripu hajalazwa, kajipumzisha. Ukitoka kumwona mgonjwa, Kariakoo nzima itakuuliza swali moja: kaongezewa maji? Chupa ngapi? Ukisema tatu, watu wanatikisa vichwa kwa heshima, wanajua huyo anatibiwa. Nikisema mtani wangu katolewa pafu na hajapata hata chupa moja, nitaonekana nimemtupa.

"Sista," nikasema, "huyu mbona haongezewi maji?"

"Ameagiziwa kidogo, mama. Tunayapima. Na ya kunywa pia tunayapima."

"Katolewa pafu, na maji mnamnyima?"

"Ndiyo maana tunampimia, kwa sababu katolewa pafu."

Angeongeza sentensi moja tu ningeelewa. Lakini wagonjwa kumi na wanane walikuwa wanamwita, akaondoka. Zahoro akanitazama. Midomo ilikuwa imemkauka, imepasuka pembeni. "Mtani," akasema, "kiu."

Hilo neno ndilo lililoniponza. Nilishuka mpaka Mnazi Mmoja kwa muuza madafu mwenye toroli, akanifungulia matatu, nikayamimina kwenye chupa ya chai. Nilijiambia dafu si maji, dafu ni dawa. Kila mtu anajua hivyo. Ijumaa nilimpa matatu, Jumamosi manne, napita mbele ya Sista Candida na chupa yangu ya chai, na uso wa mtu anayetoka kuungama. Zahoro alikunywa mpaka yakamtiririka kidevuni. Nilijiona muuguzi kuliko waliosomea.

Jumapili baada ya misa nilikwenda na chupa ya tatu. Zahoro alikuwa amekaa, mikono imeshika kingo za kitanda, na anahema kama mtu anayepanda ghorofa, ilhali hajasogea. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Aliniona, akataka kunisalimia kama siku zote.

"Mtani, jana mmekula mb..."

Akaishia hapo. Neno fupi kama mbwa halikutosha kwenye pumzi yake. Nikapiga ukunga, Sista Candida akaja mbio, wakaja wengine, na kitanda kikasukumwa kikapotelea nyuma ya mlango wa ICU. Nilibaki nimesimama katikati ya wodi, chupa ya dafu mkononi.

Alasiri Dokta Ansbert alitukalisha mimi na Siwema kwenye benchi la korido, akachuchumaa mbele yetu. Alisema upasuaji wenyewe hauna kasoro. Ila mapafu yaliyobaki yamepata jeraha, la kulia na la kushoto pia. Yamevimba, vimishipa vyake vinavuja, na vile vifuko vya hewa vinajaa maji. Zahoro sasa anapumuliwa na mashine.

"Vinajaa nini?" niliuliza.

"Maji, mama."

Nikaisukuma chupa ya chai chini ya benchi. Siwema aliuliza swali ambalo mimi sikuwa na ubavu wa kuuliza: watu wa hivyo wanapona?

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Katika watu mia tunaowakata pafu, hili huwapata wachache, labda wanne au watano. Lakini likishampata mtu, ni zito. Karibu nusu yao hatuwarudishi nyumbani. Tutajua ndani ya wiki moja, mbili."

"Daktari," nikasema. "Mtu akinywa madafu."

"Madafu?"

"Saba. Nilimpa saba. Kwa chupa ya chai."

Na hapo Siwema, binti wa watu, mpole, anayeongea kwa kunong'ona hata sokoni, akaziba uso kwa mikono. "Na uji wangu?" akauliza. "Mimi nilimpa uji. Vikombe viwili asubuhi, viwili jioni. Nilikuwa naupitisha kwenye kikapu, chini ya kanga. Nilimwonea huruma, hawamwongezei maji."

Daktari alijipangusa uso kwa kiganja, kutoka juu mpaka chini. Nadhani alitaka kucheka, au alitaka kututupa dirishani, na kwa malezi yake akashindwa yote mawili.

"Ndiyo nimemuua?" nilimuuliza.

"Sijui, mama." Alilisema taratibu, nami nilimheshimu kwa kutonidanganya. "Jeraha hili huja kwa njia nyingi. Huja hata kwa mtu ambaye hakunywa tone. Pafu likiguswa tu, lile jingine linaweza kukasirika. Lakini likishaanza kuvuja, kila maji ya ziada yanaongeza mzigo. Ndiyo maana tunayabana. Madafu hayakumsaidia. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa nabahatisha."

Sista Candida hakuwa na malezi hayo. Alipopata habari alitufuata pale pale benchini, akatusema mpaka watu wa korido nzima wakajifanya wanasoma matangazo ya ukutani. Alisema amesoma miaka mitatu, amefanya kazi miaka kumi na moja, na bado anashindwa na chupa ya chai. Nilikubali kila neno. Siku nyingine ningemjibu, maana mdomo ninao, lakini siku ile ulikuwa umekufa.

Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda kila saa ya kuona wagonjwa. Waliniruhusu dakika tano, nimevaa gauni la hospitali linalofungwa nyuma na ambalo, kama fundi, naomba niseme limeshonwa na mlevi. Zahoro alilazwa kifudifudi, wamemgeuza hivyo ili hewa ipate nafasi mgongoni. Mrija mdomoni. Mashine inavuta, inaachia, inavuta, inaachia, kwa kipimo kile kile. Nilisimama kando ya kichwa chake nikafanya kazi yangu ya mtani. Nilimtukana. Nilimwambia Mngoni gani huyu, mababu zake walitoka Afrika Kusini kwa miguu na yeye anashindwa kutoka kitandani. Nilimwambia nimeshachagua mbuzi wa kudai kaburini, dume, mweusi. Kisha nikainama sikioni nikamwambia nimekosa. Nilimwambia nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja, na kwamba akifa sitakwenda kulala kaburini wala sitadai mbuzi, kwa sababu mtani hamdhihaki marehemu aliyemuua mwenyewe.

Sista Candida, ambaye wiki ile alihamishiwa zamu ya ICU, alikuwa anabadilisha chupa upande wa pili. Hakuniangalia. "Endelea kumtukana," akasema. "Mapigo ya moyo yanasogea ukimtukana."

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne. Nilikuwa kichochoroni nashona, maana sketi za watu hazingoji. Saa tano asubuhi simu ikalia. Siwema. Nyuma yangu spika tatu zilikuwa zinashindana kunadi ndoo, chaji za simu na dawa ya panya, nikaziba sikio moja.

"Dada Leticia!" Alikuwa analia. "Kavuta! Zahoro kavuta!"

Simu ikakatika, salio limeisha.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka sketi iliyobaki kwenye sindano, na Mama Amira aliyekuwa anapita kutafuta soksi ya kulia, akaniona uso. "Nini?" Nikamwambia: "Zahoro kavuta." Akakaa chini palepale, juu ya katoni ya mtu.

Habari za msiba Kariakoo hazihitaji gari. Kabla sijavaa kandambili vizuri, muuza ndoo alikuwa amezima spika, na wa chaji naye, na, baada ya ubishi kidogo, wa dawa ya panya naye. Meza zikafunikwa maturubai. Kuna aliyeanza kuulizia mkeka, kuna aliyeanza kuulizia kama maziko ni kesho au leo leo baada ya alasiri. Tukaondoka wanawake kama kumi na tano, kanga tumejifunga kiunoni, Mama Amira mbele, tunalia njia nzima. Tulipofika Mnazi Mmoja nilimwona yule wa madafu na toroli lake. Hakunikosea kitu. Nilimfuata hata hivyo, nikamtukana matusi ambayo sitayaandika, mpaka akaniuliza kama lile la nne lilikuwa bovu.

Nilichokuwa nakiwaza, nitasema wazi, haukuwa msiba wa Siwema. Nilikuwa nawaza madafu saba. Nilikuwa nayahesabu kila hatua.

Kwenye mlango wa ICU tulianguka wote kumi na tano. Sista Candida akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Mnalia nini?"

"Zahoro kavuta," alisema Mama Amira.

"Ndiyo. Kavuta."

Tukaongeza kilio.

"Nyamazeni!" Alipiga kofi mlangoni. "Kavuta pumzi! Mwenyewe! Tumemtoa mashine tangu saa tatu na anapumua mwenyewe! Mnataka mumrudishe?"

Nyuma yake alichungulia Siwema, macho mekundu, anacheka. Kwao Namtumbo kuvuta ni kuvuta. Hakuwa amekaa mjini kiasi cha kujua kwamba amewatangazia watu kifo cha mumewe. Mama Amira alifungua kanga kiunoni, akaikung'uta, akajifunga upya. "Nimeacha biashara," akasema, "mtu hata hajafa."

Mimi nilikaa chini nikacheka mpaka nikatapika.

Kesho yake niliruhusiwa kumwona. Alikuwa amekonda, shingo ya kuku, mpira wa oksijeni puani, sauti imekwaruzwa na ule mrija. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu ya kumwomba radhi, nimeyapanga usiku kucha. Nikaanza: "Mtani, yale madafu..." Akainua kidole kimoja. Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine.

"La nne," akasema, "lilikuwa limechacha."

Ndivyo nilivyosamehewa. Mimi mwenyewe sikujisamehe. Tangu siku hiyo nilimpimia maji. Alipotoka hospitali, kila alipopita kichochoroni kutusalimia nilimpa nusu glasi, si zaidi, hata baada ya Dokta Ansbert kusema sasa anywe anavyotaka. Mkono wangu ulikataa kujaza.

Alipona taratibu, kwa hasira. Mwezi wa kwanza alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Mwezi wa tatu alifika kwenye kibanda cha muuza mihogo, ambako sasa alikwenda kula mihogo. Vile vimpira alipandisha kimoja, kisha kimoja na nusu. Hapo pakasimama. Daktari alimwambia pafu lililoumia hubaki na makovu, ashukuru. Zahoro alishukuru, ila kunadi hakukutaja, na sisi hatukuthubutu. Siwema ndiye aliyekuwa anauza, kwa kunong'ona, na wateja wakawa wanamwinamia kama wanamwungamia.

Watu wakamletea ushauri. Muuza ndoo alijitolea spika. Rekodi sauti yako mara moja tu, alimwambia, iongee siku nzima, wewe kaa kwenye kiti.

"Spika haivuti pumzi," alisema Zahoro. "Sasa bei itapanda saa ngapi?"

Jumatano moja, mwezi wa tano tangu akatwe, alikuja asubuhi amevaa lile shati la vifungo. Akamwambia Siwema akate kamba za belo. Juu ya belo hakupanda, alisimama juu ya stuli, na muuza ndoo aliishika stuli akijifanya anafunga kiatu. Habari zilishafika. Kichochoro kilijaa, Mama Amira kwenye mstari wa mbele, vidole vimekunjuka. Mimi niliacha kushona lakini mguu niliuacha kwenye kanyagio, unahesabu wenyewe.

Zahoro akavuta. Hakuna kifungo kilicholalamika.

"Blauzi elfu mbili elfu mbili mama cha..."

Ikaisha. Mguu wangu ulikuwa umefika sita. Watu wenyewe walikuwa hawajashika hata nguo. Kila mmoja wetu alimwona Zahoro akivuta pumzi ya pili: mabega yakapanda, ikatoka sauti ya mluzi kifuani. Sheria ni sheria. Nilimwona anafungua mdomo kusema elfu nne, na machoni mwake nikaona anajua kwamba akishaisema, biashara yake imekwisha, hakuna atakayerudi kugombania sekunde sita. Ni lile alilolisema Mnazi Mmoja. Mzima, na hawezi kunadi.

"Hajavuta!"

Alikuwa Mama Amira. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye rundo.

"Nimevuta," alisema Zahoro.

"Hajavuta bado!" Sasa walikuwa wanne, watano, mikono imezama kwenye blauzi.

"Nimevuta, nyie! Mmeniona!"

"Hajavuta! Hajavuta!"

"Wezi wakubwa!" Akavuta pumzi. "Elfu nne!" Akavuta nyingine. "Wewe Mama Amira," akavuta, "nakuona!"

"Hajavuta!" walipiga kelele wanawake wote, na muuza ndoo chini ya stuli, na Siwema, Siwema aliyekuwa hajawahi kupaza sauti tangu ateremke kwenye basi, na mimi, mpaka koo likaniwasha. Kila alipovuta kututukana tuliapa kwamba hajavuta. Belo zima lilikwenda kwa elfu mbili. Mama Amira aliondoka na blauzi kumi na moja. Mpaka leo sijui kama alifanya vile kwa upendo au kwa wizi, na nikimuuliza ananiambia alikuwa anachagua blauzi.

Zahoro aliteremka akaketi kwenye kiti changu cha wateja, jasho linamtoka, machozi yanamtoka, bado anatukana, neno moja kwa kila pumzi. Nikamimina maji ya kunywa. Nusu glasi. Nikampa.

Aliyatazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Mtani," akasema, akavuta pumzi. "Leo jaza."

Nikaijaza.